Mwanga Mkali Ukitokea Juu ya Ziwa

Wavuvi wa dagaa wa Mwanza huingia ziwani siku za kiza, mbalamwezi ikiisha, kwa sababu dagaa huifuata taa vizuri zaidi gizani. Ndiyo maana wao huona vimondo vingi kuliko sisi wa mjini. Karibu vyote ni chembe zisizozidi punje ya mchanga, zinazoungua kilomita 80 au 100 juu yetu. Ninachotaka kueleza ni kile kinachoweza kuja kikiwa na ukubwa wa nyumba.

Mawe makubwa ya Mwanza tuyaweke kando. Jiwe la Bismarck na yale yanayobebana vilimani hayakuanguka kutoka juu. Ni itale ya hapahapa, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, iliyobaki baada ya mvua kuusomba udongo ulioizunguka. Lililoanguka kweli karibu nasi ni dogo: lilishuka Malampaka, wilayani Maswa, mwaka 1930, na uzito wake haukufika nusu kilo. Agosti 14, 1992, Mbale nchini Uganda ilinyeshewa mawe mengi kwa mpigo. Kijana mmoja alipigwa kichwani na kipande cha gramu chache ambacho majani ya mgomba yalikuwa yamekipunguzia kasi. Hakuumia vibaya.

Hatari ya jiwe hutegemea ukubwa wake, kasi yake na kile lilichoumbwa nacho. Mkoa wa Songwe unatufundisha hili kuliko kitabu chochote. Kimondo cha Mbozi ni chuma chenye nikeli, uzito wake unapita tani 10, nacho kilifika ardhini. Kile cha Ivuna, kilichoanguka Desemba 1938, ni laini na madini yake yameshika maji. Kilichookotwa hakikufika kilo moja. Wajapani walipoleta duniani vumbi la asteroidi Ryugu mwaka 2020, walilikuta ni la jamii ya Ivuna. Asteroidi ndogo ya aina hiyo huelekea kusambaratika angani, na nguvu yake ikatufikia kama mshindo wa hewa.

Mshindo huo ndio wa kuogopa. Februari 15, 2013, jiwe la upana wa mita 20 hivi lilipasuka kilomita 30 juu ya eneo la Chelyabinsk, Urusi. Lilitokea upande wa jua, hivyo hakuna darubini iliyoliona mapema. Watu waliuona mwanga, wakakimbilia madirishani kutazama. Mshindo ulifika baada ya zaidi ya dakika moja, vioo vikawarukia. Waliojeruhiwa walikuwa karibu 1,500. Basi mwanga mkali kuliko jua ukitokea juu ya ziwa, usiende dirishani. Kaa chini, mbali na vioo, kwa dakika tano. Aliye mtumbwini aketi na kushika ubavu wa chombo.

Tunaweza kujikinga zaidi ya hapo, tukipewa muda. Septemba 2022 Marekani ilikigonga kwa makusudi kiasteroidi Dimorphos, na muda wake wa kuzunguka ukapungua kwa zaidi ya dakika 30. Lakini kazi hiyo inahitaji taarifa ya miaka kadhaa. Asteroidi 2024 YR4, yenye upana wa mita 60 hivi, iligunduliwa na darubini iliyoko Chile Desemba 27, 2024, siku mbili baada ya kutupita. Februari iliyofuata uwezekano wa kuigonga dunia mwaka 2032 ulifika asilimia 3.1, na ukanda wa hatari ulikatiza Afrika. Vipimo vilipoongezeka, hatari hiyo ikafutwa. Mtandao wa darubini ulioigundua una kituo kingine Sutherland, Afrika Kusini. Kwa maoni yangu Afrika Mashariki inastahili chake, maana aliye karibu na ikweta huona anga la kaskazini na la kusini pia.

Aprili 13, 2029 asteroidi Apophis, yenye upana wa mita 340 hivi, itapita kilomita 32,000 tu kutoka duniani. Haitatugonga, wala haina hatari kwa miaka 100 ijayo. Usiku huo itakatiza anga la Afrika na kuonekana bila darubini, mawingu ya masika yakituruhusu.