Viungo vya Usukani: Tuvikague Kabla Gari Halijapakia Watu



Tunapozungumzia usalama kazini, mara nyingi tunafikiria mashine za kiwandani, moto, na dawa za kunyunyizia mimea. Safari hii tunazungumzia gari linalotupeleka huko kazini. Hapa Bujumbura, na katika mashamba ya milimani, magari ya zamani yanayovuta kwa magurudumu yote manne bado yanabeba watu na mizigo, hasa Land Rover na Toyota Land Cruiser. Hata zile Land Cruiser za namba 70, ambazo wengine huziona mpya, zilianza kutengenezwa mwaka 1984. Ni magari imara, lakini chuma nacho huchoka.

Dereva anayetoka Bugarama kuja Bujumbura hushuka kutoka kimo cha zaidi ya mita 2,000 hadi kiasi cha mita 800, katika mwendo wa kilomita zipatazo 35 tu, kona juu ya kona. Breki zikilegea, bado anaweza kujitetea kwa gia. Kiungo cha usukani kikichomoka, hana la kufanya: usukani unazunguka mkononi bure, na magurudumu yanakwenda yanakotaka yenyewe.

KIUNGO HIKI NI NINI?

Mbele, chini ya gari, kuna fimbo mbili za chuma. Moja huchukua nguvu kutoka kwenye sanduku la usukani na kuipeleka kwenye gurudumu. Nyingine huunganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili yageuke pamoja. Kwenye ncha za fimbo hizo kuna viungo. Mafundi wanaotumia maneno ya Kifaransa huviita rotuli. Ndani ya kila kiungo mna kichwa cha mviringo kama goroli, kinachocheza ndani ya kikombe chenye grisi, na nje kimefunikwa kwa mpira. Mpira ukichanika, vumbi na maji huingia, grisi hutoka, na chuma husagana na chuma.

DALILI NA UKAGUZI

Dalili ni hizi: usukani kuwa na nafasi kubwa kabla magurudumu hayajageuka, gari kuyumba barabarani, mlio wa kugonga kwenye mashimo, tairi za mbele kuliwa upande mmoja.

Ukaguzi unahitaji watu wawili. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe na magurudumu ya nyuma yazibwe kwa mawe. Mmoja aucheze usukani kidogo kidogo kulia na kushoto. Mwenzake aangalie kila kiungo. Fimbo ikitembea kabla ya mkono wa gurudumu kutembea, kiungo hicho kimekwisha.

Kisha gari liinuliwe kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi. Jeki peke yake isiaminiwe. Shika gurudumu kwa mikono miwili, kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza hivyo tu, tazama viungo vya usukani. Likicheza pia ukilishika juu na chini, tazama beringi za gurudumu na zile za egemeo linalogeuza gurudumu. Usisahau boliti za sanduku la usukani.

KUBADILISHA

Kabla ya kufungua, safisha nyuzi na upime urefu wa fimbo kutoka katikati ya kiungo hadi katikati ya kiungo cha pili. Andika kipimo hicho. Chomoa pini inayozuia nati, legeza nati bila kuitoa yote, kisha tumia kifaa cha kuchomolea. Kama hakipo, gonga ubavu wa tundu la mkono wa gurudumu huku nyundo nzito ikishikiliwa upande wa pili. Usigonge nyuzi za kiungo.

Legeza kibano cha fimbo, zungusha kiungo kutoka huku ukihesabu mizunguko. Kumbuka kwamba kwenye fimbo inayounganisha magurudumu, ncha moja hufunguka kwa kuzungushwa upande wa kinyume. Kiungo kipya kiingie kwa mizunguko ile ile. Kaza nati kwa kipimo cha kitabu cha gari. Tundu la pini lisipolingana, kaza zaidi kidogo, usirudishe nyuma. Tia pini mpya, wala si msumari au waya. Kaza vibano, tia grisi, na mwelekeo wa magurudumu upimwe upya. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, jaribu gari polepole bila abiria, na baada ya safari ya kwanza kagua tena.

Wakati wa kununua kipuri, fundi aangalie usukani uko upande gani, maana magari mengi yaliyotoka Japani yana usukani wa kulia, na baadhi ya fimbo hazifanani. Na kiungo kilichokwisha kisipigwe weldi wala kubanwa kwa nyundo. Huko ni kuficha ugonjwa.

HAKI YETU

Dereva akiambiwa, "Endesha hivyo hivyo, kipuri kitakuja," afanye nini? Aandike ubovu huo katika daftari la gari, pamoja na tarehe, na mjumbe wa wafanyakazi apewe nakala. Neno la mdomo hukanwa kirahisi siku ya ajali.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kuwa kuna hatari kubwa na ya karibu kwa maisha yake, alindwe asipate madhara yasiyo ya haki. Mwezi Juni 2022 mkutano wa Shirika hilo uliuweka mkataba huo miongoni mwa mikataba ya msingi, ambayo misingi yake kila nchi mwanachama inapaswa kuiheshimu. Burundi ni mwanachama.

Dereva asiachwe asimame peke yake mbele ya mkubwa wa karakana. Sisi tunaopanda nyuma ndio tutakaotangulia kuumia. Basi na tutangulie kuuliza: gari hili limekaguliwa lini, na nani?