Nani alete ushuhuda: mgonjwa ao kampuni?



Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya kofia, viatu, maski na maji ya kutuliza vumbi. Leo tutaongea juu ya chombo kingine cha kukinga mtumikaji. Chombo hiki hakitolewi kwenye magazini wala hakivaliwi kichwani. Ni sheria ya matibabu na bima, ile tunayoita asiransi.

Tutatoa mfano wa Marekani, kwa wachimbaji wa makaa. Huko, kwa miaka zaidi ya 50, wakubwa wa serikali, makampuni, waganga na wajane wamebishana juu ya ulizo moja: mchimbaji akishindwa kupumua, nani anapaswa kuleta ushuhuda? Ni yeye aonyeshe kwamba kazi ndiyo iliyomharibu, ao ni kampuni ionyeshe kwamba kazi haikumharibu? Soma polepole, maana jambo hili linatugusa sisi pia.

UGONJWA USIO NA TAREHE

Mtumikaji akivunjika mguu kazini, kila mtu anajua siku, saa na mahali. Shefu aliona, wenzake waliona, na karatasi iliandikwa. Ugonjwa wa vumbi hauko hivyo. Vumbi dogo sana, lisiloonekana kwa macho, linaingia ndani ya mapafu na kubaki humo. Mwaka kwa mwaka mapafu yanafanya makovu na kuwa magumu. Mtu anaanza kuhema akipanda ngazi, kisha akitembea, kisha akiwa amekaa tu. Mara nyingi ugonjwa unajionyesha wakati mtu amekwisha kuacha kazi. Hakuna dawa ya kuyarudisha mapafu kama yalivyokuwa.

Wachimbaji wa Marekani wanauita « mapafu meusi ». Mtu mgonjwa namna hii akidai malipo, anaweza kuambiwa: « Umevuta sigara. » Ao: « Umezeeka. » Ao: « Picha ya kifua chako haionyeshi wazi. » Atajibu nini? Kampuni ina mawakili na waganga wake. Yeye ana kikohozi chake tu.

SHERIA YA 1969 NA MIAKA 15

Tarehe 20/11/1968, mgodi wa makaa karibu na Farmington, katika jimbo la West Virginia, ulilipuka. Watu 78 walikufa. Inchi nzima ilitazama habari hiyo kwenye televisheni. Mwezi wa pili wa 1969, wachimbaji karibu 40.000 wa jimbo hilo waliacha kazi. Hawakudai kuongezwa mshahara. Walidai sheria juu ya mapafu yao. Waganga kama Donald Rasmussen na I. E. Buff walizunguka katika mikutano kuwaelezea watu ugonjwa huu.

Tarehe 30/12/1969, Raisi Richard Nixon alitia sahihi sheria ya inchi nzima juu ya afya na usalama katika migodi ya makaa. Sheria hiyo iliweka kipimo cha vumbi na ikaleta malipo kwa wagonjwa wa mapafu meusi. Lakini watu wengi walikataliwa malipo, sababu hawakuweza kuonyesha ushuhuda wa kutosha.

Kwa hiyo, katika 1972, Bunge liliongeza kanuni moja. Mtu aliyefanya kazi miaka 15 ao zaidi chini ya udongo, na ambaye mapafu yake yameharibika hata hawezi tena kazi yake, ahesabiwe kwamba vumbi la mgodi ndilo lililomharibu, hata kama picha ya kifua haionyeshi wazi. Kampuni isipokubali, kampuni ndiyo ilete ushuhuda.

Hapo mzigo ulihama kutoka kichwa cha mgonjwa hadi kichwa cha kampuni.

MSTARI UNAFUTWA

Lakini sheria inaandikwa na watu, na watu wanaweza kuifuta. Sanduku la kulipa wagonjwa, linalopata feza kwa kodi inayolipwa juu ya kila tani ya makaa, liliingia katika deni kubwa. Makampuni na asiransi zao walisema malipo yametolewa kwa urahisi mno. Katika 1981, wakati wa Raisi Ronald Reagan, Bunge liliondoa kanuni ya miaka 15 kwa wote watakaoleta maombi kuanzia tarehe 1/1/1982. Wajane pia waliguswa. Mume aliyekuwa akipokea malipo akifa, mjane alipaswa kuanza upya, kushuhudia kwamba ugonjwa huo ndio uliomuua.

Tuwe wa haki: wale waliotaka mabadiliko walikuwa na sababu yao. Sanduku lenye deni haliwezi kulipa milele, na mtu asiyeumizwa na kazi hapaswi kulipwa kwa jina la kazi. Lakini waliobeba uzito wa badiliko hilo walikuwa watu wasio na pumzi.

SHERIA KUBWA YA 2010

Sasa tuje kwenye mabishano makubwa yaliyojulikana dunia nzima. Marekani ni inchi tajiri, lakini wakati ule watu zaidi ya milioni 40 hawakuwa na bima yoyote ya matibabu. Na aliyetaka kujinunulia bima mwenyewe aliulizwa kwanza: « Una ugonjwa gani? » Akisema sukari, moyo ao kansa, aliweza kukataliwa ao kutozwa bei kubwa. Wengine walikuwa na bima lakini ilikuwa na mpaka: feza fulani ikiisha, asiransi hailipi tena, hata kama mgonjwa angali kitandani.

Raisi Barack Obama alitia sahihi sheria mpya tarehe 23/3/2010. Jina lake lenyewe lilitaja ulinzi wa wagonjwa na matibabu ya bei inayowezekana. Mambo makubwa yaliyomo ni haya:

– asiransi isimkatae mtu kwa sababu alikuwa mgonjwa tangu mbele (kwa watu wazima, kanuni hii ilianza 2014);
– isiweke mpaka wa feza kwa maisha yote ya mgonjwa;
– isifute bima ya mtu kwa sababu tu ameanza kuugua;
– watoto waweze kukaa katika bima ya wazazi hadi miaka 26;
– mgonjwa aliyekataliwa malipo awe na haki ya kuomba jambo lake litazamwe tena na watu wengine.

Ndani ya sheria hiyo yenye kurasa zaidi ya 900, kulikuwa kifungu kidogo sana, kifungu 1556. Kililetwa na Seneta Robert Byrd wa West Virginia, mzee wa miaka 92 aliyelelewa katika nyumba ya mchimbaji wa makaa. Kifungu hicho kilirudisha kanuni ya miaka 15. Tena kilirudisha haki ya mjane: mume aliyekuwa akilipwa akifa, mjane aendelee kulipwa bila kuleta ushuhuda mpya. Seneta Byrd alikufa tarehe 28/6/2010, miezi mitatu tu nyuma ya sheria kutiwa sahihi.

WALIBISHANA JUU YA NINI?

Katika Senati sheria ilipita kwa sauti 60 juu ya 39, na katika Baraza la Wawakilishi kwa sauti 219 juu ya 212. Hakuna hata mtu mmoja wa chama cha Republican aliyeiunga mkono katika kura hizo.

Waliokataa walisema: serikali haina haki ya kumlazimisha mtu kununua bima, bei itapanda kwa wale walio wazima, kodi zitaongezeka, na asiransi haiwezi kuishi kama watu wanangoja kuugua ndipo wanunue. Waliokubali walijibu: ndiyo sababu kila mtu lazima aingie, mzima na mgonjwa pamoja, kusudi mzigo ugawanyike. Ni kama kikundi cha likelemba. Kama kila mmoja anaingia siku ya zamu yake ya kupokea tu, kikundi kinakufa.

Mabishano hayakuisha na sahihi ya Raisi. Katika 2012, Tribinali Kuu ya Marekani iliiacha sheria isimame kwa waamuzi 5 juu ya 4. Tarehe 28/7/2017, Senati ilipiga kura ya kuondoa sehemu kubwa za sheria. Maseneta watatu wa Republican wenyewe, Susan Collins, Lisa Murkowski na John McCain, walikataa. McCain alikuwa ametoka kuambiwa mwezi uleule kwamba ana kansa ya ubongo. Jambo lilianguka kwa sauti 49 juu ya 51.

Mwisho wa 2017 Bunge liliondoa feza ya azabu kwa mtu asiye na bima. Kisha, tarehe 14/12/2018, mwamuzi mmoja wa Texas alisema kwamba, azabu ikiwa imeondoka, sheria nzima imevunjika. Sheria nzima! Hapo na kifungu cha mapafu meusi kingeanguka pamoja na mengine, ijapokuwa hakuna mtu aliyekuwa akikisema. Tembo akianguka, ndege aliyekaa mgongoni anaanguka naye. Tarehe 17/6/2021, Tribinali Kuu ilikataa mashitaki hayo kwa waamuzi 7 juu ya 2, na sheria ikabaki.

Na wakati wakubwa walipokuwa wakibishana, ugonjwa haukungoja. Uchunguzi uliotangazwa katika 2018 ulionyesha kwamba, kati ya wachimbaji wa makaa wenye miaka 25 ao zaidi ya kazi, zaidi ya mmoja katika kila 10 alikuwa na mapafu meusi. Katika milima ya Appalachia ya katikati, ilikuwa mmoja katika kila watano. Sababu moja ni hii: mikanda ya makaa imekuwa miembamba, na mashine zinakata mawe mengi yenye silika, ambayo vumbi lake ni kali kuliko la makaa.

KAMPUNI IKIFUNGWA, NANI ANALIPA?

Kwa sheria ya Marekani, wa kwanza kulipa ni kampuni ya mwisho aliyoitumikia mgonjwa, ao asiransi yake. Kampuni ikianguka, lile sanduku la kodi ya makaa ndilo linalolipa. Kodi hiyo ilikuwa ikiwekewa mwisho mara kwa mara, na mara mbili ilishuka kwa sababu Bunge lilichelewa. Ni katika mwezi wa nane wa 2022 tu Bunge liliiweka kuwa ya siku zote. Ona basi: haki inaweza kuwa nzuri katika karatasi, lakini kama sanduku ni tupu, mgonjwa anaondoka mikono mitupu.

NA SISI JE?

Sisi hatuchimbi makaa. Lakini mawe yetu pia yana silika, na vumbi lake linaleta silikozi, ndugu ya mapafu meusi.

Katika inchi yetu, Sheria ya Kazi ya tarehe 16/10/2002 inamlazimisha mwenye kazi kumtunza mtumikaji na jamaa yake wakiugua, hadi mwisho wa kontra. Angalia maneno haya: hadi mwisho wa kontra. Ugonjwa wa vumbi unapenda kuja nyuma ya mwisho huo. Tena, sheria ya tarehe 15/7/2016 juu ya ulinzi wa jamii inahesabu magonjwa ya kazi kati ya mambo yanayolipiwa na CNSS. Kwa hiyo ulizo la wachimbaji wa Marekani ni letu pia: siku ile, ushuhuda utatoka wapi?

Shika mashauri haya:

1. Vumbi kwanza. Tumia maji wakati wa kutoboa mawe, vaa maski inavyotakiwa, usifagie pakavu. Pafu lisilougua halihitaji wakili.

2. Usikimbie uchunguzi wa mwaka. Ukipigwa picha ya kifua, uliza matokeo na uyaelewe.

3. Tunza karatasi zako: kontra, vyeti vya kazi, majina ya mahali ulipofanya kazi na miaka yake, karatasi za hospitali. Mwaka usioandikwa ni mwaka uliopotea.

4. Mwonyeshe bibi yako ao mtoto mkubwa mahali karatasi zinapokaa. Wajane wengi hukosa haki yao kwa kutojua bahasha iko wapi.

5. Ukienda kwa mganga, hata miaka kumi nyuma ya kuacha kazi, mwambie: « Nilifanya kazi katika vumbi miaka fulani. » Asipojua, hawezi kuandika.

6. Acha tumbako. Inaharibu pafu mara ya pili, na inampa sababu yule asiyetaka kulipa.

7. Sheria mpya ya matibabu ikitangazwa, ao kampuni ikibadili bima, usiridhike na maneno ya njiani. Mwombe delege wa sendika akusomee vifungu, na umuulize maulizo matatu: Nani analindwa? Hadi lini? Nani analeta ushuhuda?

Wandugu, wachimbaji wa West Virginia walipata mistari michache tu ndani ya kurasa 900. Mistari hiyo ilipatikana katika 1972, ikapotea katika 1981, ikarudi katika 2010. Kila mara palikuwa watu walioijua na kuilinda. Vumbi la leo ni kikohozi cha kesho, na karatasi unayotunza leo ndiyo itakayokusemea siku utakapokosa pumzi ya kujisemea.