Ufugaji wa Kizuizini na Hatima ya Hirola: Funzo kwa Nyika za Burgao

Ufugaji wa kizuizini ni utaratibu wa kuzalisha wanyama walio hatarini kutoweka chini ya uangalizi wa binadamu, kwa lengo la kuwarejesha baadaye porini. Makala haya yanaeleza nafasi ya utaratibu huo kwa kumrejelea hirola, mnyama wa jamii ya kongoni anayeishi katika nyika za kati ya Mto Juba na Mto Tana, nyuma ya pwani ya Burgao. Hoja yake ni kwamba kizuizi huokoa kizazi, lakini hakiwezi kuchukua nafasi ya makao.

Ushahidi ulio wazi zaidi Afrika Mashariki ni chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika korongo moja tu nchini Tanzania. Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko, manyunyu yaliyomlea yalikauka. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani wakazalishwe. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2012 wazao wa wale 499 walianza kurejeshwa korongoni, ambako mabomba yalikwisha kutandazwa ili kutoa manyunyu. Bila bustani za wanyama, asingekuwapo wa kurejeshwa. Bila mabomba, pasingekuwapo pa kumrejesha.

Hirola hana akiba hiyo. Sotoka ya miaka ya 1980 iliwaangamiza kwa wingi. Leo wanakadiriwa kuwa chini ya 500, na hakuna anayefugwa katika bustani yoyote ya wanyama. Upande wa Somalia, Hifadhi ya Lag Badana, jirani na Burgao, ilikosa usimamizi baada ya dola kuvunjika mwaka 1991.

Njia ya kati imejaribiwa Ishaqbini, Kaunti ya Garissa, Kenya. Mwaka 2012 jamii ya wafugaji ikishirikiana na wahifadhi iliwatenga hirola 48 ndani ya uzio unaowakinga na simba na fisi. Baada ya miaka michache idadi yao ilifikia takribani maradufu. Humo hirola hula majani ya nyika yake mwenyewe, chini ya ulinzi wa wenyeji wanaomjua.

Hata hivyo, nje ya uzio vichaka vinazidi kumeza malisho. Kwa Burgao, basi, mbegu ingalipo ng'ambo ya mpaka. Kinachohitaji kutayarishwa ni nyika yenye majani na amani ya kuipokea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.