Punje za Manjano Katika Hindi Jeupe

Wakati wa mavuno ya Agosti, mkulima wa Mayoni, karibu na Mumias, aweza kumenya hindi akakuta punje tano au sita za manjano katikati ya nyeupe. Naye alipanda mbegu nyeupe tupu! Mara humlaumu mwenye duka kwamba alimwuzia mbegu mbovu. Huenda lawama hiyo si haki. Na jambo lenyewe si dogo, kwa maana mnunuzi wa mahindi meupe akiona gunia lenye rangi mbili aweza kushusha bei au kulikataa.

Tazama ndevu za hindi changa. Kila uzi huelekea punje moja, na punje hiyo hutunga baada ya unga wa mbelewele kuangukia uzi wake. Basi kila punje ina mama, yaani mmea uliobeba hindi, na ina baba, yaani mmea uliotoa unga. Punje za hindi moja zaweza kuwa na baba mbalimbali, kwani upepo ndio unaoleta unga, nao haujui mpaka wa shamba.

Punje hurithi rangi kwa mama na kwa baba pia. Ikipata weupe kwa mama na manjano kwa baba, manjano hutawala na weupe hujificha, ingawa manjano hiyo mara nyingi huwa hafifu kuliko ya hindi la manjano tupu. Kwa mimea mingine mingi ingekubidi upande tena ndipo uone baba alikuwa wa namna gani. Hindi halina siri: rangi ya jirani huonekana msimu uo huo.

Lakini weupe uliojificha haukufa. Panda punje hiyo ya manjano mbali na mahindi mengine, mmea ujitungishe kwa unga wake wenyewe, nawe utapata, kwa kadiri, punje tatu za manjano kwa moja nyeupe. Padri mmoja, Gregor Mendel, aliyekuwa akilima bustani katika mji wa Brno huko Ulaya, aliligundua jambo hili kwa njegere. Alichanganya njegere za manjano na za kijani. Watoto wote wakawa manjano. Alipopanda hao watoto alihesabu wajukuu 6,022 wa manjano na 2,001 wa kijani. Habari zake zilichapwa mwaka 1866, wala watu hawakuzijali mpaka mwaka 1900, naye alikuwa amekwisha kufa tangu 1884.

Sasa, mkulima anayejiwekea mbegu yake ya kienyeji afanye nini? Punje ya manjano yaweza kuficha weupe, lakini nyeupe haiwezi kuficha manjano. Kama ingekuwa nayo, ingeonekana. Kwa hiyo chambua mbegu kwa mkono, utoe kila punje ya manjano, nayo mbegu iliyobaki itakuwa safi kwa rangi. Ukiacha chache tu, mimea yake itamwaga unga juu ya jirani zake, na mwakani utaona punje za manjano katika mahindi mengi.

Kazi hiyo yaweza kuharibiwa na shamba la pili. Katika skimu kama Lumakanda, zilizogawanywa miaka ya 1960, mashamba yamepakana. Mahindi ya mbegu hutakiwa yawe mbali na mengine kiasi cha mita 200, na wenye shamba dogo hawana nafasi hiyo. Afadhali kupatana na jirani mpande rangi moja, au mmoja achelewe majuma manne ili maua yasikutane. Mbegu uichukue katikati ya shamba, si mpakani.

Wenye mbegu ya haibridi, kama ile H611 iliyotolewa Kitale mwaka 1964, wasidhani kwamba kuchambua rangi kutawafaa. Wingi wa mavuno haurithiwi kwa jozi moja kama rangi. Hutoka kwa mambo mengi yaliyounganishwa, nayo hutawanyika ukipanda tena ulichovuna. Mbegu hiyo hununuliwa mpya kila mwaka.

Punje za manjano ulizozitenga usizitupe. Chakula chake ni kizuri, tena zina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na kuku wakizila, kiini cha yai huwa cha manjano zaidi.