Utabiri wa Upepo Ziwani: Namna ya Kuusoma na Kuufikisha Mwaloni

Katika vikao vyetu na kamati za sharika zilizo kando ya ziwa, swali moja hujirudia: utabiri wa upepo unamsaidia nini mvuvi wa Mkuyuni, ambaye wazee wake walivua miaka mingi kwa kutazama mawingu tu? Ni swali la haki, nasi tunalijibu hapa kwa kifupi.

Kwa nini ziwa huchafuka usiku

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kwa ukubwa huo hujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto, na upepo wa kila upande huelekea ziwani. Unapokutana huko, hewa yenye unyevu hupanda na kujenga mawingu ya radi.

Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani hutokea kati ya usiku wa manane na asubuhi. Saa hizo ndizo wavuvi wa dagaa wako majini, hasa siku za giza, maana dagaa hufuata taa vizuri pasipo na mwezi. Mvua ya radi hushusha hewa baridi kwa nguvu, na upepo huo huwahi kufika kabla ya mvua yenyewe. Mzee huyasoma mawingu ya jioni. Wingu la saa tisa usiku halionekani gizani.

Utabiri unasema nini

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa Ziwa Victoria unaotaja mwelekeo wa upepo, kasi yake kwa kilomita kwa saa, na urefu wa mawimbi kwa mita. Rada iliyoko Kiseke, hapa Mwanza, husaidia kuona mvua inavyojijenga. Mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza, ulizishirikisha nchi zinazolizunguka ziwa katika kuboresha utabiri huu.

Tahadhari hutolewa kwa rangi: njano ni angalizo, machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa.

Mbona wakati mwingine hautimii?

Utabiri hutolewa kwa eneo pana, si kwa mwalo mmoja. Ndani ya Ghuba ya Mwanza maji yaweza kuwa shwari huku upande wa Ukerewe mawimbi yamekwisha kupanda. Aliyebaki nyumbani huona amepoteza usiku mzima wa kazi, na mwenye mtumbwi anadai hesabu yake. Hapo ndipo watu huanza kuupuuza. Kwa hiyo tuwaeleze wavuvi ukweli: utabiri hueleza hatari iliyopo, hauahidi dhoruba. Na tuzungumze pia na wenye mitumbwi, maana mara nyingi uamuzi wa kuingia majini uko mikononi mwao.

Tunachoomba kwa kamati

Tangazo la ibada ya Jumapili haliwezi kubeba utabiri wa Alhamisi. Kila usharika wa pwani uchague watu wawili, pamoja na viongozi wa BMU, wa kupokea utabiri kila siku kwa simu au redio na kuuandika ubaoni mwaloni kabla ya mitumbwi kuondoka. Akina mama wanaoanika dagaa nao waupate, kwa kuwa mvua ikiwakuta wameanika, mali huharibika.

Kwa wafadhili wetu: ubao na chaki ni gharama ndogo, jaketi okozi ni gharama kubwa zaidi, nalo linahitajika. Wala utabiri hauondoi wajibu mwingine. MV Nyerere iliyozama karibu na Ukara Septemba 2018 ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Chombo kilichozidishwa mzigo hakihitaji dhoruba ili kizame.