Magurudumu Yakienda Upande



Mikarafuu haiko visiwani peke yake. Katika milima ya Uluguru, Mkoa wa Morogoro, wakulima wa Matombo, Mkuyuni na Kinole nao huvuna karafuu, na njia za kuziteremsha hadi mjini zina mawe na mashimo mengi. Magari ya njia hizo yana funzo kwetu sote tunaopakia magunia mashambani.

Mafundi wana kazi waiitayo alaimenti, yaani kuyalinganisha magurudumu yaelekee sawasawa. Mtazame mtu atembeaye vidole vyake vikielekea ndani au nje: viatu vyake huliwa upande mmoja. Gari lililopiga shimo kwa nguvu laweza kuwa vivyo hivyo.

Tairi lenye kimo cha sentimita 60, likipotoka milimita 3 tu kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma, huburutwa upande kiasi cha mita 5 katika kila kilomita. Toka Morogoro mpaka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 190. Basi tairi hilo litafika likiwa limeburutwa karibu kilomita nzima juu ya lami! Fedha ya karafuu huishia barabarani. Na lililo kubwa zaidi ni roho za watu, kwani tairi lililokwisha laweza kupasuka mteremkoni gari likiwa limeshehena.

Dalili zake ni hizi. Kwanza, gari huvuta upande. Lakini barabara zetu huinamishwa kidogo ili maji yatoke, kwa hiyo kuvuta kidogo kushoto si ugonjwa. Pili, usukani hukaa upande ilhali gari linakwenda moja kwa moja. Tatu, tairi hulika ukingo mmoja, au ukilipapasa kwa kiganja huhisi meno kama ya msumeno.

Tusichanganye mambo. Tairi likilika kingo zote mbili, upepo ni mdogo. Likilika katikati, upepo umezidi. Usukani ukitetemeka kwenye mwendo wa kasi, mara nyingi kasoro ni ya balansi, nayo ni kazi nyingine.

Alaimenti yafaa ifanywe baada ya kupiga shimo au jiwe kwa nguvu, baada ya kubadilisha viungo vya usukani au springi, na wakati wa kuvika tairi mpya. Pasipo hayo, mara moja kwa mwaka yatosha, au kila kilomita 10,000 kwa gari la njia mbaya.

Kabla ya kulipa, pimeni upepo, kisha fundi aliinue gari kwa jeki na kuyatikisa magurudumu. Viungo vilivyolegea vibadilishwe kwanza, kwani alaimenti iliyofanywa juu ya kiungo kilicholegea haidumu, na fedha yake imepotea.

Twawaomba wenye magari wayakague sasa, kabla gunia la kwanza la msimu halijapakiwa.

Katibu