Miaka Iliyobaki

Katikati ya miaka ya 1970, binti wa miaka 21 aitwaye Laura Carstensen alilazwa miezi kadhaa katika wodi ya mifupa, jimbo la New York nchini Marekani. Gari alilopanda lilikuwa limebingirika naye akavunjika vibaya. Majirani zake wodini walikuwa mabibi waliovunjika nyonga. Basi akawa na kazi moja tu ya kufanya mchana kutwa: kutazama. Akaona jambo lililomkera. Yeye wahudumu walimhangaikia, wakamnyoosha viungo, wakamsemesha habari za atakapopona. Mabibi wale walilazwa, wakageuzwa, wakaachwa. Mifupa yao ilivunjika kama yake, lakini hakuna aliyezungumza nao habari za kesho.

Baba yake alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Rochester. Ili bintiye asichoke na dari, akamwuliza angependa kusikiliza somo gani, kisha akawa anamletea mihadhara iliyorekodiwa kwenye kanda. Binti alichagua saikolojia. Mwaka 1987, akiwa tayari na shahada ya uzamivu, alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Stanford, California, na mwaka 2007 alianzisha hapo kituo cha utafiti wa maisha marefu.

Alipoingia kwenye fani, wataalamu walikuwa na maelezo yao tayari kuhusu wazee. Kitabu cha Elaine Cumming na William Henry cha mwaka 1961 kilidai kwamba mtu akizeeka hujitoa polepole katika jamii, na jamii nayo humwachia, kana kwamba pande zote mbili zinajiandaa kwa msiba. Ushahidi ulionekana wazi: wazee wana marafiki wachache kuliko vijana. Wengi wakaongeza la kwao, kwamba basi lazima wazee wawe na huzuni.

Carstensen alianza kuutilia shaka ushahidi huo kwa kuhesabu upya. Katika utafiti uliotoka mwaka 1992 alitumia mahojiano ya watu waliofuatiliwa tangu wakiwa na miaka 18 hadi 50. Kupungua kwa watu wa kusalimiana na kuzoeana nao hakukusubiri mvi. Kulianza ujanani, kabla ya miaka 30. Na wakati mazoea yanapungua, ukaribu na ndugu, mwenzi na wazazi haukupoa. Duara lilikuwa linachujwa, na makapi ndiyo yaliyokuwa yakitoka.

Nani anachuja, na kwa nini? Jibu, kama anavyosimulia mwenyewe, lilianzia kwa ndugu wawili wazee waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za wazee. Rafiki zao walikuwa wamekufa karibu wote. Aliwauliza mbona hawafanyi urafiki na majirani, wakamjibu kwamba hawana muda na watu wale. Jibu la ajabu kwa watu wasio na kazi wala miadi! Ilimchukua kitambo kuelewa kwamba hawakuwa wakizungumzia saa za siku hiyo. Walikuwa wakihesabu miaka.

Hapo ndipo ilipozaliwa nadharia iliyomjengea jina. Binadamu anayeona mbele yake njia ndefu hukusanya: elimu, watu wapya, uzoefu, hata ule unaouma, maana huenda ukafaa baadaye. Anayeona njia imefupika huacha kukusanya, akageukia kile kinachomshibisha moyo leo. Kwa nadharia hii, tarehe ya kuzaliwa haina uzito mkubwa. Kinachobadilisha mtu ni upeo anaouona.

Dai la namna hiyo ni rahisi kulisema. Ninachokipenda katika kazi yake ni jinsi alivyolijaribu. Ikiwa sababu ni muda na wala si mwili kuchakaa, basi kijana ambaye muda wake umefupika anapaswa kuchagua kama mzee. Yeye na mtafiti mwenzake Barbara Fredrickson waliwachunguza wanaume wa rika moja, wengine bila virusi vya Ukimwi, wengine wakiwa na virusi bila dalili, wengine tayari wakiwa na dalili, enzi ambazo dalili zilimaanisha mwisho uko karibu. Wenye dalili, vijana wa umri wa kulea watoto, waliwapima watu wa kukaa nao kama wazee wanavyowapima. Kisha ikaja Hong Kong, ambako kilichokaribia mwisho kilikuwa enzi, si uhai. Miezi michache kabla Uingereza haijairudisha kwa China mwaka 1997, vijana wa huko walikuwa wakichagua kuwa na watu wao wa karibu sawasawa na babu zao. Mwaka mmoja baada ya makabidhiano, vijana wakarudi kuwa vijana.

Na huzuni je? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikundi chake kiliwapa watu 184, wenye miaka 18 hadi 94, kifaa kidogo cha kubeba. Kwa wiki nzima kililia mara tano kwa siku bila kutoa taarifa, na kila kilipolia mtu aliandika anavyojisikia dakika hiyo: hasira, furaha, aibu, wasiwasi. Zoezi likarudiwa baada ya miaka mitano, na tena baada ya kumi. Hisia mbaya zilipungua kadiri miaka ilivyosonga, hadi karibu na 60, zikatulia hapo. Zilipowajia wazee hazikukaa sana. Pia wazee mara nyingi zaidi waliandika furaha na huzuni kwa wakati mmoja, hali anayoijua kila aliyemwona bibi akilia harusini.

Mwaka 2020 ulileta mtihani mkali kuliko wowote ambao maabara ingeweza kutunga. UVIKO-19 iliwaua wazee kuliko wengine, nao walijua. Mwezi wa Aprili kikundi cha Carstensen kiliwahoji Wamarekani karibu elfu moja. Wenye umri mkubwa bado walikuwa na utulivu wa moyo kuwazidi vijana.

Sasa niseme jambo linalonisumbua. Habari kama hii ni rahisi kuigeuza blanketi la kufunikia shida za wazee. Wahusika wa tafiti hizi wengi waliishi nyumbani kwao, wakiwa na akili timamu, na wengi walikuwa Wamarekani. Mwenye maumivu yasiyokoma, anayemuuguza mwenzi aliyepoteza kumbukumbu mwaka wa tatu, au aliyebaki peke yake kabisa, hana mlango wa kutokea ili auchague utulivu. Lakini matokeo haya yanakata pia upande wa pili, na hapa ndipo yanapogusa zahanati zetu. Kama uzee wenyewe hauleti huzuni, basi mzee aliyeacha kula, asiyelala, asiyetaka tena kumwona mjukuu aliyempenda, huyo anaumwa. Sonona yake inatibika kama ya kijana. Mara ngapi tumeambiwa ni utu uzima tu, tukamrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu? Mabibi wa wodi ile ya New York nao walihesabiwa hivyo hivyo.

Kuna swali moja la Carstensen ambalo mtu anaweza kumwuliza jirani bila maabara. Una nusu saa ya mapumziko: ungependa kukaa na ndugu yako wa karibu, na mwandishi wa kitabu ulichomaliza kusoma, au na mtu uliyejuana naye juzi mkaelekea kupatana? Wazee huchagua ndugu; vijana hugawanyika. Lakini wazee wakiambiwa kwanza wawazie kwamba daktari amepata dawa ya kuwaongezea miaka 20, upendeleo wao kwa ndugu hupotea.

Nilimjaribu shangazi yangu, ana miaka 78. Akachagua mjukuu wake, tena kwa jina. Nikampa miaka 20. Akanyamaza, akaushusha ungo wa mchele chini.

“Basi huyo mwandishi,” akasema. “Ila aje asubuhi, na asije na maneno mengi.”